Tangi la futi mbili: samaki gani wakae pamoja? Anza na maji yako

Mkuu, nimesoma swali lako. Una tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, uko Tabata, Dar, maji yako ni ya kisima, na muuzaji amekuandikia orodha: goldifishi wawili, neon tetra sita, beta dume mmoja, enjeli wawili, taiga babi wanne na "msafisha kioo" mmoja. Unauliza kama watapatana. Jibu ni hapana, na baadhi yao hata ukiwaweka peke yao hawatadumu katika maji hayo. Nimefuga samaki wa mapambo miaka mingi, kwanza Nairobi na sasa Dar, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kabla hujatoa hela.

Wengi wetu tunachagua samaki kwa rangi. Mimi nashauri uanze na maji, kwa sababu kila wiki utakuwa unatoa ndoo na kurudishia ndoo, na yatakayorudi ndani ni yale yale ya kisima chako. Visima vingi vya Dar vina maji magumu. Chokaa inaganda ndani ya birika, sabuni inachelewa kutoa povu, na vingine vina chumvi unayoisikia kabisa mdomoni. Nairobi mambo ni kinyume: maji ya bwawa la Ndakaini, yanayoteremka kutoka milima ya Aberdare, ni laini. Kule neon wangu walikuwa na ule mstari wa buluu unaong'aa hata taa ikizimwa nusu. Nilipohamia Dar sikuwafuga tena. Asili yao ni vijito vya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Hawa wa dukani waliozalishwa kwenye mabwawa huvumilia maji ya wastani, lakini ukiwatia kwenye maji ya kisima kigumu wanafifia rangi, wanajikunyata pembeni, na wanapungua mmoja mmoja bila ugonjwa unaoonekana. Wapo wanaokinga maji ya mvua na kuyachanganya na ya kisima ili kuyalainisha. Inawezekana, ila ni kazi isiyoisha, na kwa tangi la kwanza sikushauri.

Kwa hiyo jambo la kwanza, tafuta vijikaratasi vya kupimia pH (kipimo cha asidi ya maji) na ugumu wa maji. Ukivikosa, chungulia birika lako. Likiwa na ukoko mweupe mnene, tayari umejua ufuate njia ipi.

Jambo la pili ni ukubwa wa samaki akikomaa, siyo ukubwa aliouzwa nao. Hapa ndipo orodha yako ina matatizo makubwa zaidi. Tangi lako likijaa hadi ukingoni ni lita 54. Toa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu, unabaki na kama lita 45 za maji. Goldifishi anauzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini akilishwa vizuri anapita sentimita 20, anachafua maji kuliko samaki wote uliowataja, na anapenda maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22. Sebule ya Tabata mwezi wa pili inakupa maji ya nyuzi 29 au 30 bila hita. Enjeli naye anafika sentimita 15 kwa urefu, na mapezi yake yanamfanya awe mrefu zaidi kwenda juu, ndani ya tangi lenye kina cha 30 tu. Tena akikua, neon ni chakula chake. Huyo "msafisha kioo" ni pleko. Pleko wa kawaida wa madukani anafika sentimita 30 na zaidi, yaani hataweza hata kugeuka vizuri ndani ya tangi lako. Halafu akishakua hamu ya kula mwani inapungua, na kinyesi anachotoa kinazidi uchafu anaousafisha. Hawa watatu waondoe kwenye orodha kabisa.

Kuna kanuni inayozunguka sana ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Usiitegemee. Neon watano wa sentimita nne na goldifishi mmoja wa sentimita 20 wanatoa hesabu moja kwenye karatasi, lakini mwili wa goldifishi mmoja ni mzito mara nyingi kuliko wale watano wakijumlishwa, na amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, inatokana na mwili na chakula, siyo na urefu.

Sasa tabia. Taiga babi ni samaki mzuri sana, dhahabu na milia minne myeusi, lakini ni mchokozi wa mapezi. Wakiwa wanane au kumi hugombana wenyewe kwa wenyewe na kuwasahau wengine kwa kiasi fulani. Wakiwa wanne wanahamia kwa majirani. Angalia mkia wa gapi, samaki mdogo mwenye mkia mpana wa rangi, aliyekaa na taiga: kwanza ukingo unakuwa na meno meno, kesho yake unaona utepe mweupe pale palipokatika, kisha ukungu unaingia na mkia unaliwa hadi kwenye shina. Dawa ya ukungu haitasaidia kama mng'ataji bado yumo humo humo. Beta dume naye, mwenye mapezi marefu yanayoning'inia, atang'atwa na taiga, na yeye mwenyewe atamvamia gapi dume kwa kudhani ni beta mwenzake kwa sababu ya mkia na rangi. Utamuona amefungua mashavu yote mawili na kusimama mbele ya mwenzake bila kusogea. Ukiona hivyo watenganishe siku hiyo hiyo. Ukimpenda beta, mpe tangi lake mwenyewe. Si lazima liwe kubwa, anatulia, na unamfaidi zaidi.

Kwa maji yako, kama ni magumu bila chumvi nyingi, mimi ningeweka gapi madume sita kwa sehemu ya juu na ya kati, na chini koridora wa shaba sita, samaki wadogo wenye ndevu wanaokaa mchangani. Basi. Gapi anapenda maji magumu yenye pH ya 7 hadi 8, hali ambayo kisima chako kinakupa bure. Nasema madume kwa makusudi. Ukichanganya na majike, jike mmoja anazaa takriban kila wiki nne, na anaweza kutunza mbegu za dume mwilini akaendelea kuzaa miezi kadhaa hata dume akiondolewa. Lita 45 zitajaa kabla hujapata wa kuwagawia. Ukitaka uzazi uone watoto wako wakifurahi, sawa, weka majike wawili au watatu kwa kila dume ili jike mmoja asifukuzwe kutwa nzima, na panga mapema nani atachukua vifaranga. Tafadhali usiwamwage mtaroni wala bwawani. Mabwawa ya msimu ya pwani yetu yana samaki wake wa asili, akiwemo Nothobranchius guentheri wa Unguja, ambaye mayai yake hulala kwenye tope lililokauka mpaka mvua irudi. Gapi na pleko wa dukani si wa huko.

Koridora mnunue kwa kundi, watano au sita, kwa sababu akiwa mmoja au wawili anajificha tu. Mpe mchanga laini wa mto, maana anazamisha mdomo mchangani kutafuta chakula, na kokoto zenye ncha zinamkwangua ndevu hadi zinaisha. Jingine, usimkamate kwa wavu ukaanza kuuvuta kwa nguvu. Mapezi yake yana miiba inayonasa kwenye nyuzi. Mkinge kwa kikombe. Na usimchukulie kama mla mabaki. Mdondoshee vidonge vinavyozama, jioni taa ikishazimwa, wenzake wakiwa wametulia.

Kama kisima chako kina chumvi inayosikika, achana na koridora. Hapo moli, ndugu wa gapi, ndiye mwenyeji, anaishi hadi kwenye maji ya mlangoni mwa bahari, ila anakuwa mkubwa kuliko gapi, kwa hiyo wanne wanatosha. Na kwa wasomaji wa Nairobi wenye maji laini na tangi la ukubwa huu: neon kumi, koridora sita, hita ya kukusaidia mwezi wa sita na wa saba, tangi limekamilika.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema "weka mbuna wa Ziwa Nyasa, ni samaki wetu". Ni wetu kweli, na wanapenda maji magumu, lakini si kwa tangi hili. Mbuna anamiliki mwamba na anaulinda. Ndani ya futi mbili hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo dume mmoja anawamaliza wengine. Mbuna anahitaji tangi la urefu wa futi nne au zaidi.

Ila kuna samaki wetu mwingine anayelifaa tangi hili hasa, na sielewi kwa nini hatajwi mara nyingi: Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika. Dume anafika kama sentimita nne na nusu tu, jike ni mdogo zaidi, na makazi yao ni makombe matupu ya konokono. Maji ya ziwa lile ni magumu, pH inakaribia 9. Weka mchanga laini wa sentimita tano au zaidi, tandaza makombe mengi kuliko idadi ya samaki, kisha kaa uangalie. Kila mmoja anachagua kombe lake, anachimba mchanga kwa mdomo, anaubeba na kuutema mbali hadi kombe linazama na kubaki mdomo wake tu. Baada ya muda unaona vitoto vidogo sana vinachungulia mlangoni, na wazazi hawavili. Lakini hapo usichanganye na gapi wala koridora. Tangi linakuwa la ukoo mmoja. Kwangu mimi, hakuna samaki mwingine wa tangi dogo anayenifanya nikae kwenye kiti muda mrefu hivyo.

Chochote utakachochagua, usiweke samaki wote siku moja. Filta mpya haina bakteria wa kugeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti. Wanachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Sisi wa Dar tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa sababu kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji laini na baridi angekivumilia, kwenye kisima chenye pH 8 na nyuzi 29 kinaunguza mashavu. Ukiamka ukakuta samaki wote wako juu wanatweta, badilisha theluthi ya maji kwanza, maswali baadaye.

Anza na gapi watatu. Lisha kidogo mara moja kwa siku. Badilisha robo ya maji kila wiki. Ukitumia maji ya bomba badala ya kisima, ondoa klorini kwanza kwa dawa yake. Sponji ya filta isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani, maana klorini inaua wale bakteria. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ina thamani kuliko pambo lolote, kwa kuwa maji ya moto yana oksijeni kidogo. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, ongeza gapi waliobaki, na koridora waje mwisho kabisa. Kila mgeni akae kwanza wiki mbili au tatu kwenye ndoo yenye filta yake. Akitoka madoa meupe kama chembe za chumvi, atatibiwa huko bila kuwaambukiza wenyeji.

Pima maji uniwekee hapa pH, ugumu, na useme kama yana chumvi mdomoni. Nikiona hizo namba nitakuambia kama ni gapi, moli au wale wa makombe.