Maswali Yenu: Nani anazikagua kanuni za forodha?

SWALI: Ushuru umepanda kontena langu likiwa bandarini. Wakala anasema ni tangazo la Gazeti. Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo haiwezi kulifuta? – Mwagizaji, Kariakoo

JIBU: Mwombe wakala nakala, utazame ni Gazeti rasmi (la kuchapishia sheria na kanuni) la nani. Likiwa la Serikali, kanuni huwasilishwa bungeni ndani ya siku 6 za vikao tangu ichapishwe, na Bunge laweza kuazimia ifutwe. Siku za vikao, si za kalenda! Kanuni inakuwa imeshaanza kutumika, na storeji, yaani tozo ya kontena kukaa bandarini, haisubiri Dodoma.

Ila viwango vya forodha kwa kawaida hutoka kwenye Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Jumuiya hiyo. Hilo Kamati hailifuti. Mbunge wako ambane waziri anayetuwakilisha huko, basi.

Kwa kontena lako, mwandikie Kamishna wa Forodha ombi la kupitia upya uamuzi wa kukutoza, ndani ya siku 30 tangu uamuzi huo, chini ya kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, 2004. Ambatisha tansadi (fomu ya tamko la forodha la mzigo wako) na ukurasa wa tangazo unaoonyesha tarehe ya kuanza. Wengi husahau huo. Asipojibu ndani ya siku 30, ombi linahesabika limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi.