Maswali ya Wasomaji: Ukali wa Mvinyo Mweupe wa Tasmania

Katika toleo hili tunajibu barua nne zinazohusu mvinyo mweupe wa Tasmania, kisiwa cha Australia kilichoko ng'ambo ya Mlango-Bahari wa Bass. Barua zenyewe tumezifupisha.

Swali: Ndugu Mhariri, nilizawadiwa chupa ya Riesling ya Tasmania, mvinyo mweupe unaoitwa kwa jina la zabibu yake. Nilipoionja niliikuta kali kama ndimu, na mwenzangu akaniambia kuwa imeharibika. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, katika maelezo yako sioni dalili ya kuharibika. Mvinyo uliochacha hujulikana puani kabla haujafika mdomoni, kwa kuwa hunuka siki au harufu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukali uliouonja wewe ni wa tunda lenyewe, nami nauhesabu kuwa ndiyo sifa kuu ya mvinyo wa kisiwa hicho.

Zabibu changa hujaa asidi. Kadiri inavyoiva sukari huongezeka na asidi hupungua, hasa asidi ya maliki, ambayo hupatikana pia kwa wingi katika matofaa mabichi. Tunda huitumia asidi hiyo linapopumua, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyoimaliza upesi. Penye usiku wenye joto, basi, mkulima hulazimika kuchuma mapema, ladha ikiwa bado haijakomaa, la sivyo hupata mvinyo mzito uliopooza. Tasmania usiku huwa wa baridi, hivyo mkulima anaweza kuiacha Riesling mtini hadi Aprili, pengine hata Mei, ladha ikapata muda wa kukomaa na asidi ikabaki. Ndiyo maana katika glasi moja unakuta harufu ya maua, ndimu na tofaa la kijani, na mate yakakujaa mdomoni baada ya kumeza.

Baadhi ya watengenezaji husimamisha uchachukaji kabla chachu haijaila sukari yote, ili utamu kidogo uukabili ukali huo. Kama ukavu wa chupa yako, yaani kukosa utamu, ulikushinda, tafuta aina hiyo. Njia nyingine ni subira: Riesling nzuri ya kisiwani huweza kukaa miaka 10 na zaidi mahali penye giza na ubaridi, ikapata harufu ya asali, ya mkate uliobanikwa, na mara nyingine harufu inayokaribia mafuta ya taa. Hiyo ya mwisho huwashtua wengi, lakini kwa Riesling iliyokomaa ni jambo la kawaida, na wapo wanaoitafuta kwa hamu.

Swali: Tumezoea kusikia kwamba Australia ni nchi ya joto na ukame. Baridi hiyo ya Tasmania inatoka wapi?

Jibu: Australia ni pana mno kuwa na hali moja ya hewa. Mizabibu ya Tasmania imepandwa takriban kati ya latitudo 41 na 43 kusini, na bahari inayokitenga kisiwa na bara ina upana wa kilomita 240 hivi, kiasi kwamba joto la nyika za ndani likifika huwa limepungua makali. Mjini Hobart, mwezi wa Januari, ambao huko ni katikati ya kiangazi, joto la mchana huwa kwa wastani kama nyuzi 22 za Selsiasi. Mwanga, hata hivyo, haupungui: mwezi wa Desemba mchana huzidi saa 15.

Pepo kali za magharibi huleta mvua nyingi, lakini milima ya upande huo huizuia, na ndiyo sababu mashamba yapo zaidi kaskazini na mashariki, katika maeneo kama bonde la Tamar, Pipers River, bonde la Coal River na bonde la Derwent. Hobart ni mji mkuu wa jimbo wa pili kwa uchache wa mvua nchini humo, baada ya Adelaide. Ukavu huo huyasaidia mashada yasioze yanapongoja kuiva.

Mzabibu wenyewe si mgeni huko. Bartholomew Broughton alipanda shamba lake New Town, kitongoji cha Hobart, mwaka 1823. Kilimo hicho kilififia baadaye, kikafufuliwa katika miaka ya 1950 na Jean Miguet pamoja na Claudio Alcorso, ambaye mwaka 1958 alipanda Riesling kando ya Mto Derwent, wakati kisiwa kikisifika kwa matofaa. Mwaka 1974 Andrew Pirie akaanzisha shamba la Pipers Brook.

Swali: Nimeonja mvinyo mbili za Tasmania za zabibu nyeupe iitwayo Chardonnay. Moja ilikuwa nyembamba na kali, nyingine laini yenye harufu ya siagi. Imekuwaje, na zabibu ni moja?

Jibu: Tofauti hiyo huzaliwa kiwandani. Baada ya sukari kugeuka kileo, mtengenezaji anaweza kuwaruhusu bakteria waigeuze asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini zaidi na hupatikana katika maziwa yaliyoganda; harufu ya siagi hutokana na kazi hiyo. Mapipa ya mwaloni nayo huongeza uzito. Kwa maoni yangu, Chardonnay bora za kisiwa ni zile zilizolainishwa kwa kiasi tu, bila kuufuta ukali wake wa asili. Kampuni ya Penfolds, ambayo ni ya bara, hutumia zabibu za Tasmania katika Chardonnay yake mashuhuri, Yattarna. Usiinywe ikiwa baridi mno: nyuzi 10 hadi 13 zinatosha, ilhali Riesling hupendeza kwenye nyuzi 8 hadi 10.

Swali: Chini ya chupa niliyoitoa kwenye jokofu nimekuta chembe zinazong'aa kama vipande vya kioo. Niitupe?

Jibu: Hapana. Hizo ni fuwele za asidi ya tartariki, asidi nyingine ya zabibu, iliyoungana na potasiamu baada ya mvinyo kupoa sana. Hazina madhara wala hazibadilishi ladha. Watengenezaji wengi huupoza mvinyo hadi karibu na nyuzi sifuri kabla ya kuutia chupani ili fuwele zibaki kwenye matangi, lakini wengine hawafanyi hivyo. Isimamishe chupa wima kwa saa chache, umimine taratibu, na uache kiasi kidogo chenye chembe kibaki chini.