Wati hazipigi muziki: kwa wadogo zangu mnaochonga spika za honi

Juzi kaja kijana, honi mbili kazikumbatia kifuani kama mapacha, kila draiva (kitoa-sauti kinachofungwa nyuma ya honi) inaning'inia kwa bolti moja. Salamu haijaisha, kanipa habari: "Kaka, hizi ni wati 300." Nikamuuliza anakata wapi, yaani honi inaanza kupokea sauti kuanzia Hz ngapi. "Kama 900 hivi." Draiva za inchi 1 (upana wa tundu la kutolea sauti). Kwa nini 900? "Sauti inakuwa tamu." Huyu ni wa tatu mwaka huu, kwa hiyo naandika nichoke mara moja.

1. Anza na krosova, kigawaji kinachopeleka besi kwenye wufa (spika ya besi) na sauti za juu kwenye honi. Usinunue hata skrubu kabla hujaandika mahali utakapokata. Wufa ya inchi 15 ikifika Hz 1,600 imeshabana sauti mbele kama mwanga wa tochi, halafu honi ya nyuzi 90 (pembe inayotawanya sauti) inaipokea na kuimwaga chumba kizima. Aliyekaa pembeni anasikia shimo palepale sauti ya mwimbaji inapokaa. Inchi 12 na draiva ya inchi 1 zinaelewana zaidi. Ukiing'ang'ania inchi 15, tafuta draiva ya inchi 1.4 au 2 inayokubali kushuka, na honi kubwa ya kuibeba. Ndiyo, ni nzito. Wewe ndiye uliyetaka inchi 15.

2. Wati. Hapa nina kovu, vumilieni.

Mfumo wangu wa kwanza wa maana ulikuwa wufa za inchi 15 na draiva za inchi 1 zenye diaframu (utando unaotetemeka) ya titani. Kibandiko kilisema wati 100. Nikapiga hesabu ya kishujaa: nitazipa 50, nusu tu, zitaishi kuliko mimi. Krosova nikaiweka 800, kwa sababu mtu niliyemheshimu alikata 800 na spika zake ziliimba. Kwamba draiva zake zilikuwa za inchi 2, hilo niliona ni la urembo.

Nyumbani zilikuwa tamu kweli. Nikazipeleka kwenye sherehe ya rafiki. Baada ya saa tatu upande wa kushoto ukaanza kukwaruza, kama mtu anakunjakunja karatasi ya biskuti ndani ya honi. Nikadhani amplifaya inaklipu, imezidiwa. Nikapunguza, watu wakalalamika, nikarudisha na kuongeza juu yake. Mkwaruzo ukaisha. Nikashukuru. Kumbe uliisha kwa sababu hakukuwa na kitu cha kukwaruza tena. Kabla ya keki kukatwa, upande wa kulia nao ukanyamaza, na hotuba zote zikatoka kwenye wufa, kila msemaji kama yuko chini ya godoro.

Nilipofungua, titani ilikuwa imechanika kuzunguka ukingo, vipande vimelala juu ya fezi plagi (kizibo chenye matundu mbele ya diaframu) kama maganda ya yai. Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Sikujiuliza chochote. Nilinunua diaframu mpya, nikazifunga, nikakata 800 vilevile. Zilidumu wiki tatu. Nikarudi kwa mzee aliyeniuzia, mbele ya wateja wake, nikamwambia ameniuzia feki. Hakubisha. Aliuliza tu nakata wapi, nikamtajia, akaingia ndani akatoka na karatasi ya vipimo ya draiva ileile, kidole kimetulia kwenye mstari mdogo wa chini: wati 100, kuanzia Hz 1,600 kwenda juu. Karatasi hiyo nilikuwa nayo nyumbani. Nilikuwa nimeisoma hadi kwenye neno "wati", nikaikunja.

Ukishusha krosova oktava moja na sauti ikabaki ileile, diaframu inalazimika kutembea umbali mara 2, hata honi ikiwa bado inaibeba. Kutoka 1,600 hadi 800 ni oktava nzima, na kati ya diaframu na fezi plagi hakuna hata milimita moja. Wati za kwenye kibandiko zinahesabu joto ambalo koili (waya unaoisukuma diaframu) inalivumilia. Hazijui lolote kuhusu umbali. Ongeza kwamba honi yenyewe ina kikomo chake. Chini ya hapo haibebi tena, na draiva inabaki kama mtu anayepiga ngumi hewani mpaka bega linachomoka.

Yule mzee nilimwomba radhi. Ilinichukua miezi miwili.

3. Honi ipime kwa rula, kibandiko kiache. Mhandisi wa spika Don Keele alitupa hesabu hii tangu 1975: gawanya milioni 25.4 kwa nyuzi za honi mara upana wa mdomo kwa milimita, unapata Hz ambako honi inaanza kuachia uelekeo wa sauti. Nyuzi 90 na mdomo wa milimita 300: kama 940. Safi. Sasa geukia wima. Honi iliyoandikwa 90 kwa 40, mdomo wake una urefu wa milimita 150, inashika zile nyuzi 40 kuanzia kama 4,200 tu. Chini ya hapo sauti inapanda darini na kushuka sakafuni itakavyo. Haijakudanganya, hujaiuliza.

4. Usikivu, yaani sauti inayotoka kwa wati moja. Wufa ya desibeli 97, draiva ya 108. Tofauti ni 11, maana yake wufa ikila wati 100, draiva inashiba kwa 8. Nane! Ukiona mtu anatafuta draiva ya wati 300 kwa wufa moja, mpe kiti apumzike. Na angalia kama kipimo kimechukuliwa kwa volti 2.83: kwenye omu 4 hizo ni wati 2, kwa hiyo desibeli 3 ni za bure.

5. Kama unaendesha kila draiva na amplifaya yake, weka kapasita kwenye njia ya draiva ya juu; mikrofaradi 30 kwa omu 8 inakata karibu 660 na haitagombana na krosova ya 1,600. Itakuokoa na mshindo wa kuwasha, na siku utakapochomeka besi kwenye honi. Utachomeka. Mimi niliweka rangi kwenye nyaya, nyekundu na kahawia, kisha nikazifunga gizani.

6. Honi za kutawanya sauti sawasawa zinahitaji kuinuliwa trebo (sauti za juu), hilo si kosa la draiva. Adapta ya koo, ya kuunganisha draiva na honi zenye matundu tofauti, ni ya dharura. Gasketi usiisahau, na bolti zote zifungwe.

Yule wa mapacha, bolti zilizobaki nimezifunga mimi. Tumeipandisha krosova hadi 1,800, kaondoka kanuna. Usiku ukaja ujumbe: "Kaka, utamu umepungua." Nikamwambia apime kwanza ndipo alalamike. Maikrofoni yangu ya kupimia ameondoka nayo, na mpaka leo hajairudisha.