Umehamia jiji kubwa na hujui mtu? Anza na kitu kimoja kinachojirudia

Mkuu umeuliza mtu aliyehamia jiji kubwa, hana ndugu wala rafiki pale, kazi inammaliza siku nzima, ataanzaje kushiriki mambo ya mtaa wake bila kuingia chama cha siasa. Nimeishi mijini miaka mingi na haya mambo nayapenda kutoka moyoni kwa hiyo ntajibu kirefu kidogo, mnivumilie.

Tafuta kitu kimoja kinachojirudia, kilicho karibu na unapolala, afu usikikose. Watu wanakimbilia matamasha na makongamano, wanapiga picha, wanarudi nyumbani hawajui jina la mtu hata mmoja. Mjini mnazoeana kwa kuonana sura zilezile wiki hadi wiki mpaka siku usipotokea mtu anauliza "yule leo yuko wapi?" Iwe kwaya, darasa la lugha pale maktaba, timu ya mpira, usafi wa bustani, vyovyote. Mimi niliingilia kwaya, na ni wanakwaya walionipeleka kwenye mkutano wa wakazi, maana habari nyingi za mtaa zinapita mdomoni kabla hazijafika ubaoni.

Huko mikutanoni sasa ndo kwenyewe. Wanaokuja ni wachache na haohao wachache ndo wanaamua, yaani ukihudhuria mfululizo tu tayari sauti yako ina uzito. Mtaani kwetu kulikuwa na njia ya miguu giza totoro, wanawake wakitoka kazini usiku wanazunguka mbali kuikwepa. Kwenye grupu la WhatsApp watu walilalamika weee, hakuna kilichofanyika. Mama mmoja mstaafu akatuambia malalamiko ya kwenye simu hayana namba ya faili. Akatufundisha: barua moja tatizo moja, eneo litajwe vizuri, weka picha zenye tarehe na saini za wakazi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa ili kesho asitokee mtu akasema haikufika. Afu uliza bajeti inapangwa lini, hapo ndo wengi wanakwama, kwa sababu ofisa anaweza kukubaliana na wewe kila neno lakini hela ishagawanywa, unasubiri mwaka mwingine. Tulipeleka kabla haijafungwa, tukawa tunafuatilia, na taa ziliwekwa.

Na wananchi kushiriki kupanga bajeti ya jiji si ndoto jamani. Porto Alegre kule Brazil walianza 1989, wakazi wa kila kanda wakawa wanakutana, wanapanga kipi kitangulie, wanachagua wajumbe wa kufuatilia. Watu wa mitaa maskini walijitokeza kwa wingi na walichodai ni maji, mifereji ya majitaka, lami. Utaratibu huo ukasambaa miji mingi duniani, Paris waliuanza 2014 na kule mkazi anapigia kura miradi hata kama si raia wa Ufaransa. Hilo nalipenda sana kwa sababu anayeishi mtaani, anayekanyaga tope lake, ana haki ya kusema tope liondolewe. So usijiengue kisa wewe ni mgeni, uliza jiji lako linaruhusu nini, kuna milango mingi haihitaji kadi ya mpiga kura.

Utamaduni wa jiji nao unajengwa hivyohivyo, kwa kurudia. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, tangu 1974 kuna kitu kinaitwa Ciclovía, kilianza na waendesha baiskeli waliotaka nafasi barabarani, leo Jumapili na sikukuu magari yanazuiwa kwenye barabara zenye zaidi ya kilomita 100 kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, tajiri na maskini wanatembea lami moja. Tamasha la siku moja halizai kitu kama hicho.

Angalizo moja, kikundi kikianza kuchangisha afu mahesabu hayasomwi mbele ya watu, ondoka mapema. Na grupu likigeuka uwanja wa matusi ya kisiasa usibishane humo, peleka hoja yako kwenye mkutano, watu wakitazamana usoni wanakuwa na adabu zaidi.

Kwa anayefanya shifti za usiku: hata kama hufiki mkutanoni, omba muhtasari wa kikao kilichopita, angalia nani alipewa kazi gani, mpigie umuulize kafika wapi. Kila kikao kinahitaji mtu wa kufuatilia na hiyo kazi huwa haigombewi, ukiichukua wewe watakujua ndani ya muda mfupi sana.