Mtwana wa Ulaya alikuwa mtumwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Tumeandikishwa kwamba chini ya ukabaila wa Ulaya, mtwana, yaani mkulima aliyefungamana na ardhi ya bwana, alimfanyia kabaila, yaani huyo bwana mwenye ardhi, kazi siku tatu kila wiki bila malipo. Sasa ana tofauti gani na mtumwa? Na kama hakufungwa mnyororo, kwa nini asihame?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa Uingereza ya karne ya 13, kwa sababu kumbukumbu za mabaraza yake zimebaki nyingi, na humo watwana wanaonekana mmoja mmoja wakitozwa faini, wakirithi na wakigombania mipaka.

Kwanza, daftari lako limetia vitu viwili kapu moja. Kulikuwa na mapatano ya wakubwa kwa wakubwa: bwana anapiga magoti, anaweka viganja vyake kati ya viganja vya mfalme, anaapa kumtumikia vitani, naye anapewa ardhi. Mtwana hayumo humo. Yeye yumo kwenye manori, yaani eneo la bwana mmoja lenye shamba la bwana mwenyewe, ngwe za wanakijiji, malisho, kinu cha kusagia nafaka na baraza la kuamua kesi.

Zitazame hizo ngwe. Ngwe moja ya kawaida ilikuwa ndefu na nyembamba, kama mita 200 kwa 20 au pungufu, karibu kazi ya siku moja kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mtwana mwenye ekari 30 hakuwa nazo mahali pamoja. Zilitapakaa katika mashamba makubwa mawili au matatu, ngwe yake ikipakana na ya jirani, wakati mwingine na ya bwana. Kila mwaka shamba moja lililazwa lipumzike. Kijiji kilipanda pamoja na kuvuna pamoja, kisha mifugo ya wote ikaachiwa mabua.

Sasa zile siku tatu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, maana zilikuwa deni la ardhi. Aliyeshika ekari 30 aliweza kudaiwa siku mbili au tatu kwa wiki; mwenye kibanda na bustani tu alidaiwa pengine Jumatatu peke yake. Aliruhusiwa kumtuma mwanawe, au kibarua aliyemlipa mwenyewe. Wakati wa mavuno ziliongezwa siku nyingine, na siku hizo mara nyingi bwana alitoa chakula na pombe ya shayiri. Mnyapara aliyesimamia yote haya kwa kawaida alikuwa mtwana mwenzao.

Mtumwa alikuwepo pia. Sensa ya mali aliyoiagiza mfalme William mwaka 1086 ilihesabu watumwa wapatao 28,000, karibu mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa. Hao walilima shamba la bwana na kula kwa mkono wa bwana. Katika miaka mia iliyofuata kundi hilo likatoweka, mabwana wengi wakiona nafuu kumpa mtu kibanda na ngwe kisha wamdai siku za kazi kuliko kumlisha mwaka mzima.

Lakini usimwone mtwana kuwa huru. Alilipa ili binti yake aolewe. Alipokufa, bwana alichukua mnyama wake bora, huku wafiwa wakiwa bado na kilio. Akidhulumiwa ardhi na bwana wake, mahakama ya mfalme haikumsikiliza. Kilichomlinda kilikuwa desturi ya manori: mwana hurithi ngwe za baba baada ya kulipa ada mbele ya baraza, na karani anaandika.

Ndiyo maana wengi hawakuhama. Kuondoka kulikuwa kuziacha ekari 30, nafasi ya malisho na urithi wa watoto. Wasio na ardhi waliondoka zaidi. Na mtwana aliyekaa katika mji wenye hati ya kifalme mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa alihesabiwa huru.

Nakuomba pia uwe mwangalifu na neno ukabaila. Tumelibebesha nyarubanja ya Buhaya, iliyohusu ardhi, na ubuhake wa Rwanda, uliozunguka ng'ombe. Kwenye mtihani eleza kila mfumo ulivyofanya kazi kabla ya kuulinganisha na mwingine.

Turudi Uingereza. Tauni ya 1348 na 1349 iliua theluthi ya watu au zaidi. Vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda, na sheria ya 1351 ikajaribu kuurudisha chini. Mwaka 1381 wakulima waliasi, wakadai utwana ufutwe na ardhi ikodishwe kwa peni nne kwa ekari. Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, alikubali, kisha akageuka.

Huko katika mji wa St Albans bwana alikuwa abasia, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, nayo ilikuwa imewalazimisha watu kusaga kwenye vinu vyake kwa malipo. Miaka hamsini hivi kabla ya uasi, abati aliwanyang'anya mawe yao ya kusagia ya nyumbani na kuyafanya sakafu ya abasia. Mwaka 1381 watu waliingia, wakayang'oa mawe yale, wakayavunja vipande vipande na kugawana, kila mmoja akaenda na chake nyumbani.