Ukienda kusikiliza jazz, kaa upande wa dramu

Usiku wangu wa kwanza kwenye baa ya jazz New York nilinusurika kutolewa nje kwa sababu ya noti ya dola tano. Mpuliza saksafoni alikuwa amenikuna panapowasha, nikainuka na noti yangu, nikapenya katikati ya meza, nikanyoosha mkono nimbandike kwenye paji la uso kama ambavyo ningemtunza mwimbaji yeyote wa dansi Dar. Mhudumu akanidaka kiwiko kabla sijafika. Ukumbi mzima ulinikodolea macho, na humo ndani hapakuwa na mtu hata mmoja anayecheza. Hilo lilinishangaza kuliko kudakwa. Muziki unachemka namna ile, halafu watu wamekaa kama wako kwenye kikao cha harusi siku ya kuhesabu michango.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo neno jazz lilikuwa na maana moja tu, nayo ni bendi. Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz. Magitaa, tumba, domo la bata (saksafoni), mwimbaji analalamikia mapenzi, na mwimbaji akishamaliza shida zake magitaa yanachukua usukani na kila mtu yuko uwanjani. Kwa hiyo nilipohamia Newark, New Jersey, na kuona tangazo la jazz, nilidhani naitwa nyumbani. Nikakuta ni ukoo uleule lakini lugha sikuielewa.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu ndugu watatu wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wameambiwa albamu fulani ni ya kihistoria, wameisikiliza, dakika ya kumi wamechoka, na wanaona aibu kusema. Wanauliza waanzie wapi. Jibu langu ni moja: muache kwanza yule anayepuliza, mfuate anayepiga dramu.

Sikulitunga mimi jibu hilo. Tulikuwa zamu moja ya usiku ghalani na mzee mmoja wa Harlem, redio yake imekwama kwenye WBGO, kituo cha jazz cha hapahapa Newark. Nilimlalamikia kwamba solo za saksafoni zinaniacha njiani. Akasema, "Kijana wangu, unahangaika na mgeni. Huyo anaingia na kutoka. Mwenye nyumba ni aliyeshika fimbo." Akanionyesha kwa kalamu kwenye boksi: *ting, tinga-ting, tinga-ting*. Hilo ni toazi kubwa la mkono wa kulia. Usiku ule tulipakia maboksi kwa hesabu hiyo mpaka alfajiri, na mgongo haukuniuma sana.

Toazi hilo lina historia, na ukiijua kidogo mengi yanafunguka. Zamani mpiga dramu alishika mwendo kwa mguu, kwenye dramu kubwa, bum bum bum bum. Miaka ya 1930 Jo Jones, kwenye bendi ya Count Basie, akahamishia mwendo kwenye matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa kushoto, na bendi nzima ikawa nyepesi kama imevua makoti. Miaka ya 1940 Kenny Clarke akaupeleka juu kwenye toazi kubwa. Mguu wa kulia na mkono wa kushoto vikabaki huru kuchokoza, kushtua, kumjibu mpulizaji. Tangu hapo mpiga dramu anazungumza. Ukimsikia anavyozungumza utajua pia mpulizaji anajibizana na nani, na ile solo iliyokuwa inakuacha njiani inageuka mazungumzo ya watu wawili.

Anza na Elvin Jones, aliyekaa na mpuliza saksafoni John Coltrane tangu 1960 hadi 1966. Wengi humwogopa Coltrane kwa sababu anapuliza kama mtu asiyemeza mate. Mwache apulize. Sikiliza chini yake. Elvin mapigo yake yanaviringika, mkono uko kwenye tatu, mguu uko kwenye mbili, na pale mstari unapoanzia hapatajwi, unapahisi tu, kama wimbi linavyoinua mashua kabla hujaliona. Siku niliyomwelewa nilikuwa kwenye treni, na kilichonijia ni mdundiko unapita Temeke, watoto tunaufuata nyuma mpaka tunapotea njia ya kurudi. Nilipigwa kwa sababu ya ngoma ile. Nikiwa na Elvin masikioni nilipitiliza kituo.

Kisha nenda kwa mtu wa pili ambaye ni kinyume chake, Paul Motian. Tarehe 25 Juni 1961, Jumapili, alikuwa Village Vanguard, ukumbi wa jazz wa New York, na Bill Evans kwenye piano na Scott LaFaro kwenye besi, na siku hiyo nzima ilirekodiwa. Glasi zinagongana, watu wanaongea, na Motian ana brashi mkononi anafagia ngozi ya dramu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Kinachovutia ni anachokiacha. Unasubiri pigo, haliji, besi ya LaFaro inaingia kwenye uwazi huo na kuimba. LaFaro alikuwa na miaka 25 na siku kumi na moja baadaye alikufa kwenye ajali ya gari. Nilijua habari hiyo kabla ya kusikiliza na iliniharibia. Kila noti nikawa naiombolezea. Mimi nimekwisha kukwambia, samahani, lakini jaribu kuisahau.

Wa tatu ni Roy Haynes, aliyezaliwa 1925 na kufariki 2024, aliyepiga na Lester Young, Charlie Parker, Thelonious Monk, Coltrane na Chick Corea. Dramu yake ndogo inapasuka kama bisi kwenye sufuria. Ukishaizoea, tafuta albamu ya mpiga piano Vijay Iyer ya 2009, Historicity, ambamo mpiga dramu ni Marcus Gilmore. Huyo ni mjukuu wa Haynes. Sisemi damu inapiga dramu, lakini wasikilize jioni moja, babu kisha mjukuu, uone kama hutatabasamu.

Sasa habari iliyonifanya nisiachane tena na muziki huu. Mwaka 1971 mpiga piano Herbie Hancock alitoa albamu inayoitwa Mwandishi. Ndiyo, hivyohivyo. Wanabendi wote walikuwa na majina ya Kiswahili, waliyopewa na mpiga ngoma James Mtume, katika enzi ambayo Wamarekani Weusi walikuwa wanaitafuta Afrika na Kiswahili kikawa moja ya milango. Hancock ni Mwandishi. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na kweli ni daktari aliyesomea. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto, jina ambalo mtu wa Pangani akilisikia ataulizia ubani uko wapi. Na mpiga dramu, Billy Hart, ni Jabali. Zaidi ya miaka 50 imepita na bado wenzake wanamwita Jabali.

Kipande cha kwanza cha albamu hiyo kimetungwa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis na kinahesabika kwa mapigo kumi na tano, kwa hiyo usijaribu kukicheza, utajikwaa. Humo Jabali hayuko peke yake. Kuna mpiga dramu wa pili, kijana Leon Chancler, ambaye naye aliitwa Ndugu. Na wewe unayesema jazz haikuhusu, Ndugu umekwisha kumsikia mara elfu, maana ndiye aliyepiga dramu kwenye Billie Jean ya Michael Jackson. Nikiwa na mtu mgumu wa kushawishika, namwekea ile dramu ya mwanzo, kisha namwekea Mwandishi, kisha nanyamaza.

(Wanaotaka Kiswahili chenyewe kinachosemwa, rudini 1960, kwenye Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Randy Weston. Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasikika humo akisoma kwa lugha yetu, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu. Kwenye ngoma na dramu wamo Olatunji, Candido na Max Roach. Utawala wa makaburu uliipiga marufuku Afrika Kusini.)

Haya, kwenda kusikiliza kwenyewe. Naizungumzia Vanguard kwa sababu ndiyo ninayoijua zaidi: ukumbi wa chini ya ardhi uliofunguliwa 1935, mdogo, umbo la kabari, jukwaa pembeni kwenye ncha. Kutoka Newark nabadilisha treni Journal Square, nateremka Christopher Street, namalizia kwa miguu. Bendi moja hupiga Jumanne hadi Jumapili, maonyesho mawili kila usiku. Jumatatu ni ya bendi kubwa ya ukumbi, iliyoanza 1966. Ushauri wangu, usiende Jumanne. Mara nyingi wanamuziki bado macho yako kwenye karatasi, hasa nyimbo zikiwa mpya. Alhamisi karatasi zimeanza kufungwa. Jumapili, onyesho la pili, wamekwisha kuchokozana wiki nzima na wanajua mwenzao akikunja kona atatokea wapi. Kama mfuko unaruhusu mara mbili tu kwa mwaka, tumia zote mbili kwa bendi moja, wiki moja, mwanzoni na mwishoni. Utajifunza zaidi kuliko kuona bendi mbili tofauti.

Wahi, ukakae upande wa dramu. Kuna gharama yake: piano utaisikia kwa mbali, na toazi likipigwa kwa hasira utalitambua kesho yake asubuhi masikioni. Lakini utaona mikono. Utamwona mpiga dramu akimtazama mpiga besi nusu sekunde kabla mambo hayajabadilika, na safari nyingine utajua kubadilika kunakuja kabla hakujafika. Simu zima. Solo ikiisha piga makofi, wimbo ukiwa bado unaendelea, hiyo si fujo. Kuongea wakati wa solo ya besi ni fujo, na ndiko wageni wengi tunakoponzwa kwa sababu sauti imeshuka tunadhani ni mapumziko. Na kutunza kupo, ila mahali pake ni kwenye ndoo au chupa inayopitishwa kule ambako hakuna kiingilio. Noti yako itafika, paji la mtu liache.

Kwa mlioko nyumbani, ukumbi wa Smalls, uliofunguliwa 1994 jirani na Vanguard, unarusha maonyesho yake moja kwa moja mtandaoni. Tatizo ni saa. Saa mbili usiku ya New York ni saa tisa usiku ya Dar wakati wa kiangazi cha huku, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Binamu yangu Tanga husikiliza kabla ya swala. Anasema ni saa nzuri, majirani wote wamelala na jogoo ndiye anayekosea mapigo peke yake.

Tukishatoka ukumbini ndipo mabishano yanapoanza, na hapa nimetia aibu vya kutosha kuweza kushauri. Tuna kundi dogo la watu sita. Mmoja anaweka wimbo bila kutaja, wengine wanataja mpiga dramu. Mara ya kwanza nilisema "Elvin" kwa sauti ya mtu mwenye shahada, nikaeleza na sababu zake, mawimbi na mashua na yote. Alikuwa Jabali. Waliniacha nimalize hotuba ndipo wakaniambia. Tangu siku hiyo sitaji jina kwanza, nasema nilichosikia: toazi kavu au linalovuma, mguu unaongea au umenyamaza, anamfuata mpulizaji au anambishia. Ukisema "alipiga vizuri sana" hujasema kitu na hakuna wa kukujibu. Ukisema "alipochukua brashi, besi ilisogea mbele", tayari mnazungumza mpaka treni ya mwisho. Na mashindano ya nani mkubwa kuliko wote yaacheni kwa watu wa mpira.

Albamu mpya nazichagua kwa njia hiyohiyo. Sitazami jina kubwa la juu, natafuta nani yuko kwenye dramu. Mitandao mingi ya kusikilizia muziki inayaficha majina hayo au haiyaweki kabisa, kwa hiyo naenda Bandcamp, ambako kwa kawaida yameandikwa na sehemu kubwa ya pesa inamfikia mwanamuziki. Kwa njia hiyo nilimfuata Jabali kutoka 1971 hadi Just, albamu ya kundi lake la watu wanne iliyotoka 2025, akiwa na miaka zaidi ya 80. Toazi lake sasa limetulia, linapumua, halina haraka na mtu. Sikiliza mara ya kwanza unatembea, mara ya pili umekaa. Kama mara ya tatu bado haijakuingia, iweke, urudi mwakani. Zipo nilizoziweka miaka minne.

Mwezi uliopita nilimwalika yule mzee wa Harlem, sasa amestaafu, nikataka nami nimpe mtihani. Nikamwekea Western Jazz, santuri ya marehemu baba, mtindo wa Saboso. Alisikiliza amefumba macho, kidole kinagonga mkono wa kiti. Ulipoisha akauliza, "Nani huyo kwenye dramu?" Nikageuza santuri. Palikuwa na jina la wimbo na jina la bendi. Nikampigia mjomba Dar, aliyewafuata tangu ujana wake, mzee akisubiri. Kwenye gitaa la solo akamtaja Rashid Hanzuruni kabla sijamaliza swali. Akataja waimbaji, akataja domo la bata. Kwenye dramu akanyamaza. "Ngoja mwanangu," akasema, "kuna mtu hapa Magomeni nitamuuliza, nitakupigia."

Hajapiga.