Je, inajuzu kuweka bastola nyumbani kwa anayeishi Marekani?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio. Naendesha lori, nalala njiani siku nne tano, mke na watoto wako peke yao. Tangu mauaji ya misikitini kule Christchurch, New Zealand, ndugu wengine huja Ijumaa na bastola kiunoni. Wanasema silaha ni haki aliyoitoa Mungu na kuidhibiti ni dhulma. Je, ninunue? Mpwa wangu naye, aliyeko huku kwa viza ya masomo, ananiomba nimnunulie yake kwa jina langu. Ila nina wasiwasi. Juzi tulikuwa kwa mwenzangu tukila biriani, mwanawe wa miaka minne akatoka chumbani ameikamata bastola ya babake kwa mikono miwili. Ilikuwa na risasi.

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam. Asili ya kumiliki silaha ni halali. Mtume (s.a.w.) amesema anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, na riwaya nyingine imetaja watu wake, damu yake na dini yake. Wengi huishia hapo, hawafungui mlango wa pili: kumzuia mshambulizi kuna daraja. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa kwenye darsa zetu za pwani, anasema kama maneno au kupiga yowe kunatosha, ni haramu kumpiga. Kama mkono unatosha, ni haramu kutumia mjeledi. Na kama unaweza kukimbia, lililo sahihi katika madhehebu ni kwamba ukimbie. Sheria ya Ohio tangu 2021 haikulazimishi kurudi nyuma. Fiqhi ya Kishafi inakulazimisha. (Simaanishi umkimbie mkeo na wanao, hao unawasimamia.)

Ama hiyo "haki ya Mungu", wanayoitaja ni marekebisho ya pili ya katiba ya Marekani, ya 1791, maandishi ya watu. Mahakama yao ya Juu mwaka 2008 ilisema ni haki ya mtu binafsi, na katika hukumu hiyohiyo ikasema ina mipaka. Mwaka 2024 ikakubali kunyang'anywa silaha mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia wa nyumbani mwake. Hilo sioni linapogongana na hadithi ya "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Mtu alipopita msikitini na mishale, Mtume alimwamuru ashike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Mwislamu. Akakataza pia kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Mabibi zetu wengi hawakuisoma hadithi hiyo, lakini kisu walikupa kwa mpini. Basi huo ni udhibiti wa silaha, tena ndani ya msikiti wa Mtume mwenyewe.

Ndugu wa Ijumaa watakusomea Annisaa aya ya 102. Msome nao mpaka mwisho: ni sala ya hofu, adui yuko mbele, na kundi moja linasali huku jingine linalinda. Siidharau hofu yao. Christchurch waliuawa watu 51, na serikali ya New Zealand haikumaliza mwezi kabla ya kupiga marufuku aina nyingi za bunduki za kivita. Lakini aya inafundisha mpango. Kamati ichague wawili watatu waliofunzwa, wanaojulikana na polisi, wasimame mlangoni. Si kila mwenye koti, akirukuu shati linapanda na bastola inamtazama wa nyuma yake.

Kwako wewe: inajuzu, kwa sharti la sefu yenye kufuli na risasi mbali nayo. Kisha jiulize ukiwa njiani nani ataifungua. Kama mkeo hataki hata kuishika, utakuwa umenunua chuma cha kumtisha yeye. Na ujue zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani kila mwaka wamejiua wenyewe. Nyumba yenye mtu mwenye huzuni nzito isiingizwe silaha.

Mpwa wako usimnunulie. Fomu ya dukani inakuuliza kama mnunuzi halisi ni wewe, ukajibu ndiyo umeongopa. Na mwenye viza ya masomo kwa kawaida hana ruhusa ya kumiliki silaha huko. Uliingia nchi hiyo kwa ahadi, na Mwenyezi Mungu ameamrisha mikataba itimizwe.

Na huyo mwenzako wa biriani mpigie simu leo, usingoje Ijumaa. Wallahu aalam.